Keki za Bi. Enid na Njia ya Ghalani

Bi. Enid Thackray huomba radhi hata kwa kiti alichojikwaa nacho. Nimekuwa jirani yake miaka thelathini na moja, na adabu ile imenichosha. Lakini sikujua kwamba adabu inaweza kumnyima mtu njia.

Njia yenyewe ilipita nyuma ya ghala la Mzee Metcalfe, ikakata malisho ya kondoo, ikatokea mlangoni kwa Mavis, dada yake Enid, asiyeweza tena kutoka nyumbani. Dakika kumi na mbili kwa miguu. Kila siku saa nne asubuhi Enid alikuwa huko, chai mkononi. Mzee Metcalfe alipofariki, shamba likanunuliwa na Bwana Fenwick, naye akatia kufuli kwenye geti. Kuzunguka barabarani ni maili tatu, hakuna pa kukanyaga pembeni, na malori ya mawe hayamwonei huruma mwenye goti bovu. Enid akabaki kumwona dada yake Jumapili tu, kwa gari langu.

Akapeleka ombi halmashauri, njia iandikwe kwenye ramani rasmi. Ilitakiwa kuonyesha kwamba watu waliipita miaka ishirini mfululizo. Tukaona ni kazi ndogo. Tulikusanya fomu kumi na moja za mashahidi. Halmashauri ikajibu kwamba ombi limepokelewa, nalo ni la mia mbili na arobaini kwenye foleni.

Mwaka wa sita akaja afisa, binti mpole aitwaye Imogen. Alikaa nasi jikoni kwa Enid, akapewa keki, akafungua fomu.

"Bi. Thackray, umeandika kwamba uliomba ruhusa?"

"Kila Krismasi," Enid akasema kwa fahari. "Nampelekea Mzee Metcalfe keki ya matunda, namuuliza, 'Hujali nikiendelea kupita?' Naye, 'Pita tu, Enid.' Miaka ishirini na sita, hakukataa hata mara moja."

Imogen akaweka kalamu chini. "Basi fomu yako haitahesabiwa. Samahani sana."

"Nilikosea wapi?"

"Hukukosea. Ila aliyepewa ruhusa anapita kwa hisani ya mwenye shamba. Sheria inamtaka aliyepita kama haki yake. Yaani hakuvunja kitu, hakujificha, wala hakuomba ruhusa."

"Kwa hiyo ningepita kama ng'ombe, leo ningekuwa na njia?"

Imogen alitazama keki yake. Enid akanigeukia mimi, nami nikamwongezea chai. Fomu zikaendelea kuwekwa kando. Kasisi aliomba ruhusa kwa barua. Akina Dobson waliomba. Mimi pia, nakiri, niliomba mara moja, siku ya mvua.

Zilibaki tano, na ya juu ilikuwa ya Norris Pickersgill, ambaye Enid hakutaka hata kumwona. Norris hasalimii mtu. Akaitwa, akaingia na viatu vya matope.

"Uliwahi kuomba ruhusa, Bwana Pickersgill?"

"Nimwombe nani? Njia ni njia."

"Na Mzee Metcalfe alikuwa anakuona?"

"Vizuri tu. Siku moja nilimwambia aondoe trekta lake, limenizibia."

Imogen aliandika mbio. "Huu ni ushahidi mzuri sana."

"Umesikia, Enid?" Norris akasema. "Keki zile ungenipa mimi."

Fenwick alipinga, akashindwa. Baada ya mwaka na nusu njia ikaandikwa kwenye ramani. Asubuhi ile ya kwanza nilimsindikiza Enid. Fenwick alikuwa karibu na geti, anapogoa waridi, akatukazia macho. Niliona mdomo wa Enid ukifunguka. Nikambana mkono. Akapita kimya, uso umemwiva kwa aibu.

Katikati ya malisho akasimama. "Najiona mwizi," akasema. "Hii ndiyo haki yenyewe?"

"Sijui, Enid. Twende."

Mavis alikuwa kitini, amepungua sana, birika mezani. Akatazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa nne na robo.

"Umechelewa," akasema.

Enid akavua kofia, akaomba radhi, akaomba tena, na machozi yakamtoka.