Presha Iliyoandikwa kwa Kukisia

Siku yangu ya kwanza kazini, katika kituo kimoja cha afya huko Temeke, muuguzi mfawidhi, yaani mkuu wetu sisi wauguzi, alinikuta nimefunga dripu vibaya. Hakunivuta pembeni. "Nani alikupa cheti wewe?" akasema mbele ya wagonjwa. Nilijifunza kufunga dripu siku hiyo, na nikajifunza kuficha nisichokijua.

Nikahamishiwa Kinondoni, baadaye Segerea, na wakubwa wakawa wa namna ile ile. Usimamizi kwetu ulikuwa ukaguzi: mkubwa anapita, anafungua mafaili, anakemea, anaondoka. Nilipokabidhiwa wodi ya wazazi Chamazi nikafanya vivyo hivyo, tena nikijiona mchapakazi.

Hapo akaletwa Neema, mkunga kijana kutoka Singida. Wiki ya pili nilimfokea mbele ya wenzake kwa kukosea kujaza patografu, ile chati ya kufuatilia uchungu. Tangu hapo hakuniuliza kitu, na mie nikadhani ameiva.

Asubuhi moja alikuwa akimhudumia Mwanahamisi, mama wa mimba ya kwanza. Kwenye chati presha ilikuwa nzuri, lakini mama mwenyewe alikuwa amevimba uso na kulalamika kichwa. Nikampima kwa mashine ya chumba cha pili. Presha ilikuwa juu mno. Kifafa cha mimba kilikuwa mlangoni. Tukampa dawa, nikapanda naye gari la wagonjwa hadi hospitali ya rufaa. Alijifungua kwa upasuaji, wakapona yeye na mwanawe.

Niliporudi, nilimkuta Neema ameketi stoo.

"Ulimpima?"

"Sikumpima, Sista. Mashine iligoma tangu asubuhi. Nikaandika kwa kukisia."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuogopa. Nilijua utasema nimeiharibu mimi."

Nilikwenda kwa mganga mfawidhi, mkuu wa kituo, nikamweleza kuwa kuna makosa mawili, la Neema na la kwangu.

"La kwako lipi?"

"Kwenye wodi yangu mtu anaona afadhali adanganye kuliko kuniita."

Neema alipewa onyo, akabaki. Nami nikaanza kukaa na wauguzi wangu kila Alhamisi mchana, kila mmoja aeleze lililomshinda wiki hiyo. Nilianza na yangu. Mara ya kwanza hakuna aliyenifuata. Ilichukua miezi.

Siku moja nikasikia sauti ya Neema kutoka chumba cha kujifungulia: "Sista, njoo, hapa nimeshindwa." Mama alikuwa anavuja damu. Nilikimbia na hofu, na chini ya hofu kulikuwa na furaha niliyoionea aibu. Damu tuliizuia pamoja.

Sasa nimestaafu, naishi Kinyerezi, na wafawidhi vijana huja kuniuliza namna ya kusimamia watu. Siwaambii waache ukali. Kuna dakika mgonjwa anahitaji upaze sauti. Nawaambia zamu ikiisha, kaa na uliyempazia sauti. Na ikipita wiki nzima bila mtu kukuletea habari mbaya, usifurahi. Ingia wodini, uulize wanakuficha nini, halafu ujiulize kwa nini.