Ntoto Kala?

Kila asubuhi, akishasali na kabla hajazungumza na mtu yeyote nyumbani, Asya Ngwali huenda kwenye mtungi wa maji ulio pembeni mwa ukumbi, akaufunua, akainama na kusema ndani yake: mtu, mtoto, mkono, mchele, mlango. Husema polepole. Kila neno huanza nalo kwa kuifunga midomo barabara, kama mtu anayezuia nzi asimwingie. Mtungi humrudishia sauti, naye hutega sikio asikie kama midomo ilifunga kweli au ilijifanya tu. Ikiwa ilijifanya, huanza upya.

Ishak mumewe, fundi wa kujenga, mwanzoni mwa ndoa alidhani mkewe anasomea maji. Alinyamaza wiki nzima kwa hofu, asiyanywe. Alipoambiwa ni mambo ya kazi alicheka sana, na tangu hapo akiwa na kiu husimama na kikombe chake akangoja mtungi umalize skuli.

Asya ni mzaliwa wa Gando, kisiwani Pemba, na Gando hakuna anayejisumbua kufunga midomo. Mtoto ni ntoto, mtu ni ntu, mchele ni nchele, na wali wake mtamu vile vile. Mama yake, Bi Mwanawema, alitoka Kojani akaja kuolewa hapo, akaja na maneno yake na ule mvuto wa kwao wa kuliburura neno mwishoni, kama anayepandisha ndoo kisimani na hataki imwagike.

Kuiga sauti Asya alianza utotoni. Aliwahi kuwaita kuku wa jirani kwa sauti ya jirani mwenyewe, kuku wote wakaja kula kwao, na jirani akaja nyuma yao kushitaki. Bi Mwanawema alicheka mpaka akakaa chini, kisha akainuka akampiga. Alipokuwa msichana aliingia kikundi cha michezo ya redio. Huko akawa mkunga, akawa mamamkwe, na msimu wa mvua akawa mbu wa malaria. Watu wakaanza kumjua kwa masikio. Akipita njiani na kutoa salamu, mtu aliyemwitikia hugeuka kumtazama mara ya pili.

Ndipo Abdulnasir aliporudi. Huyu ni mtu wa Chake aliyekwenda Bara kusomea mambo ya sauti, akarudi akakodi chumba cha juu Gombani, si mbali na uwanja wa mpira, akabandika magodoro ukutani na kukifanya studio. Kazi yake ni kutia sauti. Tamthilia huja kutoka nje zikisema lugha zao, pale huvuliwa lugha hiyo zikavishwa Kiswahili, halafu zikapelekwa kwenye kituo cha televisheni huko Bara. Siku za mechi kubwa hawafanyi kazi, kwa sababu bao likifungwa husikika mpaka ndani ya harusi ya tamthilia.

Asya alipokwenda kujaribiwa alipewa asome maneno ya yaya aliyebeba mtoto wa mfalme. Alisoma kwa machozi kabisa. Abdulnasir alimsikiliza hadi mwisho, akakuna kidevu.

"Bi Asya, sauti unayo," alisema. "Ila funga mdomo. Ukisema ntoto wa nfalme, ufalme wote unamtoka."

Hakumsema kwa ubaya, na Asya hakuichukulia kwa ubaya. Alirudi nyumbani akauona mtungi.

Akaijua kazi. Alijifunza kutazama mdomo wa mwigizaji mgeni kwenye kioo cha televisheni, ukifunguka naye afungue, ukifunga naye afunge, na maneno yote yaingie humo humo bila kubaki hata moja nje. Alikuwa daktari, akawa bikizee tajiri, akawa mke mwenza aliyemtilia sumu binti wa watu. Hiyo sumu ilimsumbua. Alikwenda sokoni Chake kununua samaki, na Bi Duni, anayeuza hapo miaka yote, alipomsikia akiuliza bei alilifunika beseni lake kwa kanga.

"Kumbe ndiwe uliyemtilia sumu yule ntoto? Nenda kwengine."

Asya akaapa kuwa yeye ni sauti tu. Bi Duni akafikiri, akafunua beseni. "Basi iambie hiyo sauti yako iache," akasema, na akampimia.

Naye Ishak akiwa barazani na wenziwe hujigamba kuwa yeye ndiye mwanamume pekee Pemba aliyeoa wake chungu nzima kwa mahari moja, na shehe hana la kumwambia.

Baba yake Asya alipofariki, Bi Mwanawema akahamia Gombani kwa bintiye. Nyumba ikapata mlinzi. Alikaa kwenye mkeka karibu na mlango, na yeyote aliyeingia, kabla salamu hazijaisha, aliulizwa swali moja: "Ntoto kala?" Mtoto ni Shadya, bintiye Asya, aliye darasa la pili. Lakini mtoto ni Asya pia. Akirudi kazini na mkoba wake, mtu mzima na ndoa yake, mama humtazama usoni na kuuliza vile vile, kana kwamba anamuulizia mtu mwengine: "Ntoto kala?" Na Asya hujibu, "Hajala, mama," na huinuliwa kawa, chakula kiko chini yake.

Basi ikaja ile katuni. Ilikuwa ya watoto, mambo ya wanyama wanaoishi kwenye mikoko, na Asya alipewa watu wawili humo: malkia wa ndege, na kaa mmoja kizee anayeishi shimoni, Bi Kaa. Malkia hakumpa tabu. Bi Kaa alimshinda. Kila sauti aliyomtilia, Abdulnasir alitikisa kichwa kule nyuma ya dirisha la kioo. Huyu awachekeshe watoto, alisema, huyu anasikika kama mke wa waziri. Jua lilikuwa kali, magodoro yamekusanya joto, na Asya alichoka. Katika maandishi Bi Kaa alikuwa akimuuliza kila anayepita shimoni kwake, hata adui, "Mtoto amekula?" Asya akaachia midomo. Hakupanga. Ilimtoka tu, na mvuto wake mwishoni, akauzidisha kidogo: "Ntoto kalaaa?"

Abdulnasir akajiinamia kwenye meza. Pandu, anayeshughulika na mitambo, akatoka nje kwenda kumalizia kicheko ngazini. Wakamwambia asibadilishe hata herufi. Siku ile Asya alirudi nyumbani mwepesi, na mama alipomuuliza kama mtoto kala, naye akacheka peke yake.

Katuni ilipoanza kuonyeshwa walikaa wote ukumbini. Bi Kaa akachomoza shimoni na macho yake mawili juu ya vijiti. Bi Mwanawema akapiga makofi.

"Huyo kaa ntu wa Kojani," akasema, amefurahi kama aliyemwona ndugu.

Akacheka na mjukuu wake. Mara ya pili Bi Kaa alipouliza alicheka tena. Mara ya tatu hakucheka. Alikuwa anamtazama Shadya na watoto wa jirani waliojazana dirishani, jinsi walivyokuwa wakilisubiri lile swali, jinsi walivyoangukiana lilipotoka. Akamgeukia bintiye. Hakukasirika. Aliuliza kama mtu anayeuliza kioo.

"Kumbe ndivyo nisemavyo?"

Asya alitaka kusema si wewe, mama, ni kaa. Akainuka kwenda kutazama chai ambayo hakuiteleka.

Baada ya hapo swali likaingia njiani. Watoto wakitoka skuli walipita mbele ya nyumba wakaliimba na kulivuta, hawakuwa na nia mbaya, watoto tu. Wakubwa nao wakalichukua. Muuza duka alimuuliza Bi Mwanawema alipokwenda kununua sukari, na waliokuwapo wakacheka, naye akatabasamu kwa adabu. Ishak alisimulia kuwa hata ndani ya gari mtu alimwambia ana lafudhi ya Bi Kaa, naye Ishak akalisema hilo kwa fahari, maana mkewe sasa alikuwa maarufu. Asya alimwomba aiache hadithi hiyo. Ishak hakujua kwa nini, lakini aliiacha.

Bi Mwanawema hakununa. Aliupokea mkono wa kila aliyemwamkia, akaitikia salamu, akanyamaza. Wageni walikuja wakakaa wakaondoka bila kusikia zaidi ya hewala na alhamdulillahi, maneno ambayo hayaanzi kwa m ya kukosea. Asya aliliona hilo. Alirudi kazini siku moja, na mama akamtazama usoni, mdomo ukafunguka, ukafunga. Akanyanyua kawa bila kuuliza. Chakula kilikuwapo. Asya alikula kama anayetafuna karatasi.

Kisha ikaja asubuhi ile. Asya alichelewa kidogo kwenye mswala, akasikia mtungi ukisema. Akadhani ni Shadya anamuiga. Akachungulia. Alikuwa mama yake, kashika ukingo wa mtungi kwa mikono miwili, kanga imemteleza kichwani, midomo kaibana mpaka imefanya mikunjo.

"M... mtoto," alikuwa akisema ndani ya maji. "M... mtoto a-me-kula."

Asya alirudi nyuma taratibu, asisikike. Hakusema maneno yake asubuhi hiyo.

Alikwenda studio mapema. Ilikuwa siku ya kuanza kurekodi msimu wa pili. Alimweleza Abdulnasir kwa upole, wakiwa wamesimama ngazini, kuwa anataka Bi Kaa abadilishwe sauti, au apewe mtu mwengine, au maneno mengine, chochote. Hakuutaja mtungi. Alisema tu kuwa sauti ile ni ya mama yake mzazi na mama kaisikia. Abdulnasir alihuzunika kweli, si mtu mwenye roho mbaya, na mama yake mwenyewe anasema ntoto huko kwao. Lakini kituo kimechukua msimu wa pili kwa ajili ya yule kaa, alisema. Bila yule kaa hakuna studio, na Pandu aende wapi.

"Watu wanacheka kwa mapenzi, Bi Asya," alisema.

"Mama hacheki," alisema Asya.

Hata hivyo aliingia chumbani, kwa sababu alikuwa keshaahidi na hakujua njia nyingine. Akavaa hedifoni. Akasema maneno ya malkia wa ndege kurasa zote, midomo ikifunga inapopaswa kufunga, na Pandu akamwonyesha kidole gumba. Kisha akaja Bi Kaa. Kwenye kioo, kile kizee kilichomoza shimoni, kikamwona ndege mdogo aliyelowa mvua amesimama peke yake, kikafungua mdomo.

"Ntoto kala?" alisema Asya.

Hakuvuta. Hakuzidisha. Aliliuliza kama linavyoulizwa kwao mlangoni, na mtu aliyeulizwa angejibu.

Sauti ya Abdulnasir ikamjia masikioni, laini, kama anayemwamsha mtu.

"Vizuri. Ila hiyo haichekeshi. Tuirudie, na ule mvuto wako."

Asya alikitazama kizee cha kaa kilichosimamishwa kwenye kioo, mdomo wazi, kinangoja sauti. Akavua hedifoni, akaitundika kwenye msumari wake, akaikunja ile karatasi aliyokuwa akisoma na kuiweka juu ya kiti. Alipopita alimwambia Pandu amsalimie nkewe. Nkewe, alisema hivyo hivyo. Akavaa viatu vyake mlangoni, akalitengeneza buibui, akashuka ngazi.

Adhuhuri ilikuwa imekaribia, na Abdulnasir akadhani kaenda kusali. Akamwambia Pandu asizime mitambo. Wakamngoja, chupa yake ya chai ya tangawizi iko pale dirishani, kizee cha kaa kiko pale kwenye kioo na mdomo wake wazi. Nje Asya alikuwa keshaupita uwanja wa mpira, anakwenda nyumbani na njaa yake.