Ngome Kichwa Chini

Asubuhi ile niliondoka Lodwar kwa sababu lori lilikuwa linaondoka. Dereva alikuwa anaelekea Lokichoggio. Nikaona si vibaya niende nikauone mpaka wa Nadapal. Kakuma gurudumu likapasuka, kumbe la akiba lilipasuka zamani, na safari yangu ya mpakani ikaishia ukumbini mwa kambi ya wakimbizi, kwenye mashindano ya chesi. Mchezaji mmoja hakufika. Nikajitolea. Shule niliiachia darasa la sita, lakini chesi nilisomea kwa bidii kwenye kibanda cha fundi redio.

Anayeshinda siku hiyo angepewa kitanda nyumba ya wageni, acheze tena kesho. Mimi sikuwa na pa kulala. Mpinzani wangu, muuza viatu kutoka Sudan Kusini, alikuwa na nyumba palepale kambini.

"Kitanda unakitakia nini?" nikamuuliza.

"Iko na feni, ndugu yangu."

Alimla malkia wangu mapema, akawa anamzungusha vidoleni kama rozari. Hata hivyo askari wangu mmoja alitambaa hadi mstari wa mwisho, na askari akifika huko hugeuka malkia. Kumwomba adui afungue kiganja niliona ni kujishusha. Nikafanya kama tunavyofanya Lodwar: nikachukua ngome iliyokwisha kuliwa, nikaisimamisha kichwa chini, iwe ndiyo malkia. Yeye akasogeza askari wake, akabakiza hatua moja afike mwisho. Nikamshika "malkia" wangu nimpeleke mshazari, amle askari huyo.

"Refa!" akaita.

Refa, mwalimu wa kike mwenye saa mbili mkononi, akatazama. "Hiyo ni ngome. Haiendi mshazari."

"Nimeigeuza, mwalimu."

"Mbuzi ukimgeuza kichwa chini anakuwa ngamia?"

Ukumbi ukacheka, nami nikacheka kwa adabu.

"Umeshaigusa," akasema. "Iendeshe kama ngome."

Nikaisogeza pasipo na faida. Askari wake akafika mwisho. Yeye aliomba malkia kwa refa, kwa heshima zote, akapewa. Hatua nne baadaye mfalme wangu hakuwa na pa kukimbilia, kama mwenyewe.

"Sasa wewe unalala wapi?" mshindi akaniuliza.

"Sijui."

"Enda kwangu. Mimi nalala na feni."

Mama yake alinifungulia mlango, akautazama mfuko wangu. "Kijana yangu iko wapi?"

"Yuko kwenye kitanda changu, mama."

"Aa, umeshindwa," akasema, akanionyesha cha mwanawe.