Mgongo wa Wifi Albina

Mimi ni beki, na beki ana haki ya kuuona mpira. Hilo nimelisema Mpui, nimelisema Chanji, nimelisema hata kanisani baada ya misa, mpaka katekista akaniomba nikaendelee nje. Mtu akikugeuzia mgongo, akatanua makalio kama anayeziba mlango wa zizi, mpira ukawa mbele yake na wewe unaona kitambaa cha jezi tu, huo si mpira. Ni kuziba watu njia.

Mtu mwenyewe ni wifi yangu Albina, mke wa kaka yangu Vitus. Anakaa Chanji, anafuga ng'ombe nyuma ya nyumba, na asubuhi hupita na baiskeli kugawa maziwa mtaani. Mfupi, mpana, na ukimkuta sokoni ni mpole kabisa. Sasa mweke uwanjani uone. Yeye ni straika wa timu ya akina mama wa Chanji, mimi ni beki wa akina mama wa Mpui nilikoolewa, na kila tukikutana kazi yangu ni kusoma namba iliyoandikwa mgongoni kwake.

Ufundi huo hakufundishwa na kocha yeyote. Aliupata zizini. Ng'ombe wake haachii maziwa mpaka ndama anyonye kidogo. Ndipo unamwondoa ndama, unakamua. Wengine humfunga kamba. Albina hafungi. Anainama, anakamua kwa mikono miwili, na nyonga yake ndiyo inayomkinga ndama: akija kushoto ipo, akija kulia ipo. Nimemwona akifanya hivyo huku ananisimulia habari za majirani, wala hageuki. Uwanjani mpira ndio kiwele, na ndama ni mimi.

Basi dawa yangu ilikuwa mdomo. Akigeuka tu, napaza sauti: "Refa, anazuia." Refa wetu ni Mwalimu Asajile, mtu wa Mbeya aliyehamishiwa huku kikazi, mstaarabu, asiyependa kelele. Kwenye mechi ya Pasaka Albina alirudi nyuma kusaidia ulinzi. Mpira ukawa unatoka nje taratibu, akanizuia nisiufikie. Mwalimu akapuliza filimbi, tukapewa faulo karibu na goli lao, tukafunga, tukashinda. Siku ile nililala usingizi mtamu.

Leonsi hakulala. Huyu ni fundi viatu, na ndiye kocha wa Chanji. Alimwambia Albina mbele ya wenzake kwamba ikilia filimbi nyingine ya kuzuia, jezi anapewa mwingine na yeye atabeba maji ya wachezaji. Albina alinieleza mwenyewe, jikoni kwake, huku anachambua maharage.

"Wifi," akasema, "mtaa mzima wananiita Mama Maziwa. Jina langu nalisikia uwanjani tu."

Nilitaka kumtania, nikashindwa. Nilimwonea huruma, na beki akianza kumhurumia straika, kazi imemshinda.

Kesho yake, alipompelekea Mwalimu maziwa, alimuuliza palepale getini kosa lake ni nini. Mwalimu akaweka sufuria chini, akamweleza bila haraka. "Mama, kukinga mpira si kosa. Ukiwa nao hapo mguu wako unapofika, geuza mgongo utakavyo, mradi usishike mtu wala kusukuma. Lakini siku ya Pasaka mpira ulikuwa mbali nawe, wala hukuwa na nia ya kuugusa. Ulikuwa unamzuia Mama Theodory tu." Mama Theodory ndiye mimi.

Albina alikubali, ingawa kwa shingo upande. Ndama unamzuia tangu akiwa mlangoni, hungojei afike kwenye kiwele, na mwili wake ulishazoea hivyo. Akaamua kuuzoesha upya. Nilipokwenda kuwasalimia niliwakuta uani: kaka yangu, mtu mzima mwenye mvi, anahangaika nyuma ya mke wake kuugusa mpira wa makaratasi, na majirani wanawacheka. Mpira ukimtoka Albina mguuni, anaacha kumziba mumewe, anaukimbilia kwanza, ndipo anageuka. Akikosea, wanaanza upya.

"Dada, mchukue mwenzako," Vitus akaniambia huku anahema. "Mimi nimechoka kukaa upande huu."

Fainali ya mashindano yetu ilichezwa Chanji, sikukuu ya mtakatifu somo wa parokia, na upepo ulikuwa wa kubeba kofia za watu. Desturi ya mechi yetu ni kwamba walioshindwa wanasonga ugali wa ulezi wa watu wote, na washindi wanakaa kungoja kula. Chanji walitangulia kwa bao moja. Dakika za mwisho mpira mrefu ukapigwa kuelekea kibendera cha kona upande wetu, Albina mbele, mimi nyuma yake. Mpira ulikuwa bado mbali, nami nikaiona nyonga inaanza kunijia, ileile ya Pasaka. Nikafungua mdomo. "Refa, ana..."

Nyonga ikarudi. Albina akakimbia, akaufikia mpira, akaukanyaga, ndipo akanigeuzia mgongo.

Nilijaribu kushoto. Nilijaribu kulia. Kule pembeni Leonsi alikuwa amejifunika uso kwa kofia. Hasira zikanipanda, nikamsukuma wifi yangu kwa mikono miwili, akaangukia kibendera. Filimbi ikalia.

Albina hakuthubutu kumtazama refa. Alinitazama mimi, majani yamemganda shavuni. "Wifi, ni mimi tena?"

Nikauangalia mpira. Ulikuwa palepale, umegusana na kiatu chake. Roho iliniuma kusema, lakini nilisema. "Si wewe. Ni mimi."

Mwalimu akanionyesha kadi ya njano, faulo akawapa Chanji, na mpira ukaisha hivyohivyo. Watu wakaanza kuita Albina, Albina, na Leonsi naye akaita, kofia iko mkononi. Nilifurahi, halafu nikakasirika kwa sababu nimefurahi.

Basi tukasonga. Ugali wa ulezi wa parokia nzima si mchezo, mikono inawaka na moshi wote unakuchagua wewe. Albina akaja, jezi bado mwilini. "Lete mwiko nikupokee, wifi."

Mshindi hasongi. Desturi ni desturi, na mimi nikishindwa, nashindwa kikamilifu. Nikamgeuzia mgongo. Akaja kushoto, akanikuta. Akaja kulia, akanikuta. Sikujua kumbe kazi hii ni tamu namna hii.

"Refa," Albina akaita, "anazuia."

Mwalimu Asajile alikuwa kwenye foleni na sahani yake. Akanyoosha shingo, akaangalia vizuri.

"Mwiko anao mkononi," akasema. "Endeleeni."