Kinjia cha Sange

Mpwa wangu alikuwa amejilaza kwenye kochi langu hapa mjini, Kijenge, akanisomea kwenye simu habari ya mnyama mdogo wa jangwani huko Australia, aliyekuwa akibeba watoto kwenye mfuko wa tumboni. Hayupo tena duniani. Watu walihamia na paka, paka wakammaliza.

"Mjomba, kumbe paka wako ana ukoo mkubwa!"

Mimi ni mtu wa kukaa ndani, nimezoea kutaniwa. Utani huo haukunichekesha.

Kwa mama, chini ya msitu wa Olmotonyi upande ule mkavu, kulikuwa na sange wawili, dume na jike. Ukimwona sange haraka utasema panya, mpaka uione pua yake ndefu ikichezacheza. Walikuwa na kinjia kando ya ua wa minyaa, na kila asubuhi walikipangusa majani kwa miguu hadi kikawa cheupe. Mama alikaa mlangoni na chai yake akiwatazama.

"Baba, njoo uone wenzako," aliniita nikienda kumsalimia. "Wameshafagia, wewe hata shuka hujakunja."

Halafu panya wakaingia kwenye mahindi yake. Akanipigia nimpelekee mtego. Mtego ungetaka niende sokoni, na paka alikuwa tayari miguuni pangu. Nikamtia kwenye boksi la sabuni, nikampelekea mama, nikajiona mjanja.

Siku ya tatu, nikiwa bado kwa mama, paka akaleta kitu mlangoni. Nikamsifu, nikamwekea maziwa kwenye kisosi.

"Mama, mwizi wa kwanza huyu hapa!"

Mama akainama, akamgeuza kwa kijiti. Pua ndefu.

"Huyu anakula wadudu," alisema. "Alikula mahindi yangu lini?"

Nilipotafuta boksi nimrudishe paka mjini, alishaleta wa pili. Panya wao wapo mpaka leo, wamenenepa.

Baada ya ile habari ya simu nilipanda kwa mama. Kinjia kilikuwa kimefunikwa na majani. Nikashika ufagio, mimi huyuhuyu, nikakifagia mwanzo hadi mwisho, kiuno kikiniuma. Mama alikuwa mlangoni na kikombe chake.

"Acha, baba. Atapita nani?"

Nilisubiri anitanie kidogo, hata kuhusu shuka. Akamwaga machicha ya chai, akaingia ndani.