Mbuzi Niliyemnunua na Njaa

Shida ilianza mwaka wa 2019, nikiwa na miaka hamsini na sita na kilo mia moja na kumi na nane. Daktari wa hapa Kitengela alinishika goti akasema, "Mama, punguza mwili, ama utatembea na magongo ya chuma." Mimi shule niliacha darasa la tatu, lakini bucha yangu niliijenga na mkono huu. Nikimpapasa mbuzi mgongo na tumbo, najua yote yaliyo ndani.

Nikaanza kutembea asubuhi na wanawake wanne wa kanisa, tukielekea upande wa Kisaju na kurudi. Ukweli niuseme: nilifurahi. Nilirudi kichwa kimetulia, hata wateja wasumbufu niliwacheka tu. Lakini kilo zilikataa kushuka. Binti yangu, aliyenisaidia buchani, akaniambia nifunge mdomo. Nikaacha ugali, nyama na chai ya maziwa, nikabaki na kabichi ya kuchemsha. Kisha goti likafura, kutembea kukaisha. Ikabaki njaa pekee.

Nilipungua kilo kumi na moja. Watu wakanisifu sana. Hawakujua nalia nikikata mifupa, wala kwamba mteja akitaja kilo mbili, nikigeuka nimesahau. Siku moja nilimtukana binti yangu mbele ya watu kwa sababu ya kisu alichosahau kunoa.

"Mum, si ule tu kitu?"

"Na ni nani alinifunga mdomo?"

Wiki ya tano ya njaa nikaenda soko la mbuzi, Kajiado. Mzee wa Kimasai niliyenunua kwake miaka mingi akaniangalia. "Yeyo," akaniita, yaani mama kwa Kimasai, "huyu mbuzi jike hujamshika tumbo. Shika kwanza."

"Mzee, mbuzi utanifundisha wewe? Fungua kamba twende."

Sikutaka kushika kitu. Nilitaka kukaa chini.

Kesho yake kichinjioni, mchinjaji akaniita. Ndani ya yule mbuzi kulikuwa na watoto wawili, manyoya yameshaanza kuota. Akaniuliza, "Hata wewe, mama?"

Habari ilifika buchani kabla yangu. Wateja wa Kimasai, ambao kwao kuchinja mbuzi mwenye mimba ni aibu, wakaanza kupita kando. Sokoni sasa nikifika wananiletea beberu pekee, kama mimi ni mtoto aliyetumwa asiyejua kuchagua. Binti yangu alipata kazi Namanga, kwa ajenti wa mizigo. Hupiga simu Krismasi.

Nilirudia kula. Kilo zote zilirudi na zingine juu. Daktari bado anasema nipunguze. Nilimwambia nikila goti linakufa, nikikaa njaa akili inakufa, achague yeye. Akaandika dawa ya maumivu.

Leo niko na ploti moja Kitengela, nyumba ya mawe ya vyumba vitatu, bucha ya dirisha moja, friji, mizani, visu vinne, raba za kutembea zilizoisha upande mmoja, na fimbo.