Mama Suzana Hafukii Chumba

Mvua za El Nino zilipoanza kumwagika mwaka tisini na saba, Teodora alikuwa ametimiza miaka mitatu tangu apunguzwe kazi kwenye kiwanda kimoja cha nguo kule Nyakato. Hakukaa chini akalia. Alinunua mashine ya kufumia masweta, akaishusha katika chumba cha chini cha nyumba yao kilimani Ilemela, akawa anafuma masweta ya wanafunzi. Chumba hicho alikichimba mumewe, Ngosha, enzi za ujana wake. Alikoka moto juu ya jabali, likishika joto alilimwagia maji ya baridi, likapasuka, akabeba vipande kwa mikono yake. Miezi saba alifanya hivyo, ndipo akajenga nyumba juu yake.

Asubuhi moja Teodora aliposhuka ngazi alikanyaga maji. Yalimfika magotini. Nyuzi za kijani zilikuwa zinaelea, zimechuja rangi na kuzichafua nyeupe, na lipu ya ukuta wa nyuma ilikuwa imebanduka mabamba mabamba. Mashine ilipona kwa kuwa ilikuwa mezani.

Alimwita Jairo, fundi mwashi kutoka Igoma. Jairo akakomba lipu mbovu, akapiga mpya. Mvua ya wiki iliyofuata ikaibandua. Akaongeza saruji, akapiga tena. Ikabanduka tena. Mara ya tatu alisimama mlangoni akakuna kichwa.

"Mama, huu mlima umekuzidi."

Ngosha, aliyekuwa amekaa juu ngazini na mgongo wake mbovu, akadakia, "Nimeshasema. Leteni mawe tukifukie. Nilikichimba mimi, na mimi ndiye nasema kifukiwe."

"Ulikichimba ulipokuwa na mgongo, Baba Suzana," Teodora akajibu. "Leo mgongo ninao mimi. Kiwandani waliniambia nenda nyumbani, nikaenda. Hapa ndipo nyumbani. Nikitoka hapa niende wapi? Sifukii."

 Kwa siku mbili Ngosha alikula chakula, ila salamu aliijibu kwa kuguna.

Mvua iliporudi, Teodora alijifunika turubai, akapanda nyuma ya nyumba na kuchutama pale kwa saa nzima, akiyaangalia maji. Majirani walidhani amechanganyikiwa. Aliyaona yakishuka kutoka juu, yakipita chini ya jiwe kubwa, kisha yakizama nyuma kabisa ya ukuta wake. Hayakuwa na pengine pa kwenda. Hata lipu ingekuwa nene kama godoro, yangeisukuma tu.

Alimwita Jairo tena. "Safari hii hatuyazuii. Tunayapa njia. Bomoa ukuta huu wa nyuma, chimba mtaro humu ndani, jabali linapoishia chini, utokee mbele. Halafu jenga ukuta mpya huku, tuache nafasi ya mtu kupita kiubavu."

"Mtaro ndani ya nyumba, mama? Watu watanicheka."

"Wakikucheka waambie ni wazimu wa Mama Suzana."

Jairo alikuwa bado anasitasita pale Teodora alipochukua nyundo na tindo akaanza kuubomoa ukuta wa zamani yeye mwenyewe. Vumbi likamjaa kwenye nyusi. Kufika adhuhuri jabali lilikuwa wazi, jeusi, linatoa jasho, na bado lilionyesha alama za ule moto wa zamani. Ngosha alisikia mlio wa nyundo akashindwa kuvumilia. Alishuka ngazi moja moja akishikilia ukuta, akaligusa jabali kwa kiganja, akakaa kwenye kigoda.

"Nipe nyundo ndogo," akasema. "Kokoto naweza kugonga nikiwa nimekaa."

Mtaro ulipofika mbele, Yeremia, jirani wa chini, alikuja juu amefura. "Mnataka kunizamisha mimi?" Hapo Teodora hakubisha, kwa maana mtu alikuwa na haki yake. Wiki nzima yeye na Jairo waliuendeleza mtaro kwa mawe mpaka kwenye korongo la kando ya njia. Yeremia mwenyewe akaja kushika kamba ya kunyooshea.

Mvua za mwaka uliofuata zilipiga siku nne mfululizo. Siku ya pili Teodora alishuka pekupeku. Maji aliyasikia yakikimbia nyuma ya ukuta mpya kwa kelele, kama watu wanaogombana chumba cha pili. Sakafu ilikuwa kavu. Kona moja tu, upande wa ngazi, ilikuwa na unyevu, na mpaka leo chokaa haishiki pale.

Jairo alishauri waipige lipu ile kona.

"Iache," Teodora akasema. Akaisogeza meza ya mashine upande wa dirishani, akafungua bunda jipya la nyuzi za kijani, akaanza kufuma.